Vyoo Vitatu vya Mama Deki

Shangazi yangu alikuwa hanywi maji. Asubuhi alionja chai nusu kikombe, kisha hakutia kitu cha majimaji mdomoni mpaka jioni arudi nyumbani. Hapo ndipo alipoliendea jagi na kulimaliza akiwa amesimama, hata viatu hajavua. Tulimtania kwamba ana undugu na ngamia, naye alicheka pamoja nasi. Leo nikiukumbuka ule utani naona aibu.

Alikuwa msafishaji wa vyoo katika jengo la ofisi, na wenzake walimwita Mama Deki kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila ndoo na fimbo yake ya kupigia deki. Jengo lilikuwa na vyoo vitatu. Cha ghorofani kiliandikwa "Uongozi". Wakubwa wote wa kule juu walikuwa Wazungu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuandika rangi mlangoni. Cha chini kiliandikwa "Wanawake", na wanawake wenyewe walikuwa sekretari na wasichana wa mapokezi, waliochaguliwa kwa weupe wao kama mtu anavyochagua mapazia. Cha tatu kilikuwa nje, nyuma ya jenereta, kimeandikwa "Wafanyakazi". Hicho kilikuwa cha madereva, walinzi na mtunza bustani, wanaume watupu. Mlango wake haukuwa na komeo, na aliyekosea kulenga aliona kufuta si kazi yake. Shangazi alivisafisha vyote vitatu, na hakuwa na hata kimoja cha kukaa.

Msidhani alinyamaza. Alianza kwa sekretari, mama mmoja mweupe wa kuzaliwa, ambaye baba yake Mzungu alimwachia rangi akaondoka na vingine vyote.

"Dada, naomba na mimi niwe natumia cha wanawake."

"Mama, kile ni cha wanawake wa ofisini," sekretari alimjibu bila kuinua macho. "Wewe uko upande wa wafanyakazi. Si uongee na wenzako?"

Akaenda kwa wenzake. Dereva mkuu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yao, mtu mwenye maneno makali sana kuhusu wakubwa, hasa wakubwa wakiwa hawapo.

"Dada yangu, umekuja siku njema," alisema. "Suala la choo tumelipigania na tumeshinda. Wanatujengea ukuta wa kukojolea!"

"Ukuta? Sasa mimi na ukuta wapi na wapi, kaka?"

Waliangua kicheko mpaka wakashikana mabega. Dereva mkuu alijifuta machozi, akasema, "Ah, hayo sasa mambo ya akina mama. Hebu mwone sekretari."

Ndivyo walivyompiga danadana. Kwa wanawake alikuwa mfanyakazi, kwa wafanyakazi alikuwa mwanamke, na kwa wale wa ghorofani alikuwa mweusi mmoja mwenye ndoo, wanamruka kwenye ngazi bila hata kukatiza mazungumzo yao. Natema mate.

Basi akaacha kunywa maji. Alivumilia hivyo miaka, mpaka kiuno kikaanza kumkata na homa ikawa haimwachi. Nilimpeleka kwa daktari. Daktari alimpima, akamwandikia vidonge, kisha akavua miwani.

"Mama, huu ugonjwa wako umeshafika kwenye figo. Kunywa maji mengi kila siku, na mkojo usiubane hata kidogo. Ukiendelea hivi, figo zitakufa na wewe utazifuata."

Tulipotoka nje ndipo aliponieleza yote. Nilipandwa na hasira, nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Ningewaambiaje, mwanangu?" alisema huku akitazama pembeni. "Mtu mzima nisimame mbele yenu niseme sina pa kukojoa?"

Tangu hapo alianza kwenda kazini na chupa kubwa ya maji. Adhuhuri, watu wakienda kula, alitundika kibao cha "Usafi Unaendelea" kwenye mlango wa choo cha wanawake, akajifungia, akakaa. Akimaliza alisafisha vizuri, akatoka. Haikupita muda homa ikamwachia. Akarudia hata ule mchezo wake wa kuimba jikoni kwa sauti mbaya, na hatukuthubutu kumkataza.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mtunza bustani, aliyekuwa akimwagilia maua chini ya dirisha. Siku hiyo sekretari alirudi mapema, amebanwa. Aligonga mlango mpaka Shangazi akatoka kabla hajamaliza, bado anaweka sketi yake sawa.

"Ulikuwa unafanya nini humo?"

"Nilichokuja kufanya wewe."

Sekretari aliziba pua kwa leso, wakati ndani mlikuwa mnanukia sabuni tupu! Akapiga kelele mpaka meneja akashuka, Mzungu, mwanamke kama wao. Meneja alisikiliza, akasema kwa sauti laini kabisa kwamba hili ni suala la afya, kwa hiyo choo kisuguliwe kwa dawa kabla mtu mwingine hajakitumia. Kisha akapanda zake juu.

Walitazamana. Kisuguliwe na nani? Jengo zima lilikuwa na msafishaji mmoja.

"Chukua brashi," sekretari alimwambia Shangazi. "Sugua ulipokalia. Mara mbili."

Alisema hivyo huku amebana mapaja, anahamisha uzito kutoka mguu huu hadi mguu ule. Choo cha juu kilikuwa kitupu wakati huo, lakini hata yeye, pamoja na weupe wake, hakuwahi kutia mguu mule.

Shangazi alivaa glavu. Alichukua brashi, dawa na ndoo, akatundika kibao chake, akaingia na kufunga kwa ufunguo. Nje wakatega sikio wasikie brashi. Hawakusikia brashi. Chupa ya maji aliyoagizwa na daktari ilikuwa imeshaisha, na Shangazi hakubana hata tone. Mtunza bustani aliniapia kwamba hata yeye aliyekuwa dirishani alisikia, na kwamba ilichukua muda. Kisha ndipo akasugua, mara mbili kama alivyoamriwa, akafungua mlango na kumkabidhi sekretari funguo zote.

"Haya pita, mama. Sasa kiko safi."

Walimfukuza kazi siku hiyohiyo, akatoka na viatu vya mpira miguuni. Baadaye nilikwenda kumfuatia viatu vyake. Nilimkuta mwanamke mwingine anapiga deki ngazi za mbele, mweusi kama sisi, mjamzito, jua limemkausha midomo. Nilikuwa na chupa ya maji mkononi, nikamnyooshea.

"Maji? Kazini? Thubutu!" alisema, akacheka. "Nyumbani kwetu wananiita ngamia."