Aproni ya Mheshimiwa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumtaja mwenye aproni. Mwakilishi wetu wa wadi alitoka Lodwar mpaka Kakuma kutafuta fundi asiyemjua, na mimi badala ya kujiuliza kwa nini, niliona fahari tu.

Kushona hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nanunua mashati ya mitumba, nayafumua mshono kwa mshono, kisha nayarudishia mpaka nielewe kola inakaaje. Kibanda changu kiko sokoni Kakuma, ukuta mmoja na Mkongomani mwenye umri wa baba yangu anayeuza vitenge. Nina ugonjwa wa kufumua. Mshono ukipinda hata kidogo, silali. Wateja husema suti ya harusi ukiileta kwangu utaivalia ubatizo wa mtoto wa pili.

Mheshimiwa alikuja na kipande cha aproni ya zamani kilichoachwa na mchwa, ngozi nyeupe ya kondoo yenye utepe wa samawati pembeni.

"Nataka kama hii," alisema. "Ni ya sherehe za wazee fulani Nairobi."

Nilimpima kiuno, nikaenda mwenyewe kuchagua ngozi. Utepe niliufumua mara nne. Kazi ilipokwisha nilijua sijawahi kushona kitu kizuri namna ile, kwa hiyo nikaipiga picha na kuiweka kwenye status ya simu yangu. Asubuhi jirani yangu aliingia, simu mkononi.

"Fundi, hii kitu umetoa wapi?"

"Nimeshona."

"Ya nani?"

"Ya mheshimiwa wetu."

Alivuta kiti cha wateja akakaa. "Kwetu hii banavaa bakubwa tu. Mawaziri, majenerali. Ni chama cha siri, banaitana ndugu. Bila kuitwa, huingii."

"Wanafanya nini humo?"

"Mimi nijue, niko mukubwa? Ningejua, ningekuwa nauza vitenge Kakuma?"

Tulicheka. Picha niliifuta mchana ule, lakini jina lilikuwa limeshatoka mdomoni mwangu, na simlaumu mzee kwa kulirudia kwa wateja wake.

Dada yangu ameolewa katika kijiji kilicho kando ya barabara ya Lodwar. Mwaka uliotangulia mheshimiwa alikuwa amewachimbia kisima, chenye pampu ya sola, tangi, na mfereji hatua chache kutoka kwa dada. Habari za aproni zilipofika kule, ngozi ya kondoo ilikuwa imegeuka ngozi ya mtu, na kisima kilikuwa kimechimbwa kwa kafara. Mama mkwe wa dada ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyakataa maji hayo. Wanawake wakarudi lagani, kwenye mto mkavu, ambako unachimba mchanga kwa mikono na bakuli mpaka maji yajikusanye chini ya shimo. Kiangazi kilikuwa kirefu na mashimo yalikuwa yameshapita kimo cha mtu. Kwenda tu ni saa moja na nusu.

Dada alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla ya hiyo hazikufika hapo. Nilimpigia simu, tukasalimiana kwa Kiturkana.

"Ejok?"

"Ejok."

"Unachota maji wapi?"

"Lagani, kama wengine."

"Na mfereji?"

"Mfereji wa rafiki yako wa aproni? Mama amesema nikinywa hiyo maji, mtoto ni wa hao watu wa chama."

"Na wewe unaamini?"

"Mimi nalala kwa boma lake. Wewe unalala Kakuma. Maneno uliyaanza wewe, kuja uyamalize."

Sikwenda kwake. Nilipanda gari la Lodwar, Jumatano, kwa sababu niliona ni lazima kwanza nijue ukweli wote, nisije nikasema kitu nusu. Mheshimiwa alinipokea ofisini, akafunga mlango mwenyewe. Nilimwomba radhi. Kisha nikamwomba aende kijijini akawaambie watu yeye si mwanachama wa chama chochote cha siri.

"Siwezi kusema hivyo," alijibu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ni mwanachama. Mwaka wa sita huu."

Aliniangalia, akatabasamu kwa uchovu. "Unangoja nitoe pembe?"

"Watu wanasema kuna damu."

"Kuna kuku wa kukaanga na hotuba ndefu. Nimesinzia humo mara nyingi kuliko nilivyoapa." Alisogeza mafaili yaliyokuwa mbele yake. "Kijana, mimi nilifika Nairobi mtoto wa mchungaji wa mbuzi. Nilikaa kwenye benchi za ofisi za watu mpaka nikazijua kwa majina. Siku niliyoingia kule, milango ikafunguka. Ile mashine ya kuchimba kisima unafikiri nani aliileta? Ndugu wa kule."

"Basi waambie watu hivyo."

"Uchaguzi unakuja. Nikikubali, nimekwisha. Nikikana, nitakuwa nimeongopa mbele ya kanisa, na mimi ni mzee wa kanisa." Akanielekezea kidole, taratibu. "Lakini wewe unaweza. Sema ilikuwa vazi la mchezo wa kuigiza wa vijana. Fundi ni wewe. Nani atakubishia?"

Nilimwambia nitaenda Jumapili, watu wakitoka ibadani.

Nikarudi Kakuma kuandika maneno yangu. Sina namna nzuri ya kueleza zile siku tatu. Nilifunga kibanda nikaandika kwenye daftari la vipimo. Uongo wa mheshimiwa niliuandika, nikaufuta. Nikaandika ukweli, nikaona mama mkwe wa dada akinyanyuka na fimbo, nikaufuta nao. Nikajaribu kutengeneza maneno ambayo si uongo na hayamtaji mtu. Nilitafuta neno moja lililo sahihi kwa saa nzima. Jirani yangu aligonga ukuta Ijumaa jioni.

"Fundi, unaandika katiba?"

"Nataka nisikosee tena."

"Kwenda tu. Utakosea ukiwa kule."

Sikwenda. Dada alinipigia simu mara moja Ijumaa hiyo, nikaiacha ilie, kwa kuwa sikuwa nimemaliza.

Jumamosi asubuhi shimo la lagani lilimporomokea dada akiwa ndani, akimpa mwenzake bakuli. Mchanga ulimfika kifuani. Wanawake walimfukua kwa mikono. Shemeji alipata pikipiki, wakamshika katikati yao mpaka hospitalini Lodwar. Mtoto alizaliwa usiku, wa kiume, naye hakulia.

Nilimkuta dada amelala ubavu, macho ukutani, mchanga bado umo masikioni mwake.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naandika maneno ya kuwaambia watu."

"Umeyaleta?"

Nilitoa daftari.

"Soma."

Nilisoma mpaka mwisho. Hakugeuka. "Sijaelewa," alisema. "Yumo au hayumo?"

"Yumo. Nilimuuliza, akakubali."

"Na damu?"

"Amesema hakuna. Mimi sijaingia kule, sijui. Lakini siku wanachimba kisima wewe ulikuwepo. Uliona kitu gani kikitoka?"

"Matope."

"Kingine?"

"Matope, siku tatu. Halafu maji." Alijifuta mchanga sikioni. "Hayo ungeniambia kwa simu. Ni dakika moja."

Nilikaa pale chini mpaka muuguzi akaniambia saa ya wageni imepita. Nilitaka dada anitukane. Hakunitukana.

Siku ya tatu baada ya kurudi kijijini alichukua mtungi wake, akaenda mferejini, watu wakimwangalia. Nilikuwepo, nyuma yake, bila daftari. Mama mkwe alimfuata akimwita kwa sauti, akimwambia watu wa chama kile watamchukua.

"Mtoto amekwenda, mama," dada alisema. "Na hakunywa hata tone la hapa."

Alikinga maji kwa kiganja, akanywa, akajaza mtungi. Nikanywa na mimi. Mama mkwe alisimama pale akitazama mchanga, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Kesho yake wanawake wawili walikuja. Mwezi ulipokwisha, hakuna aliyekuwa akienda lagani.

Leo hata mama mkwe anachota mferejini. Mheshimiwa bado hajasema neno hadharani, na dada, nilipomsimulia yote, alisema kura yake hatampa, si kwa sababu ya aproni, ila kwa sababu alitaka mimi niongope kwa niaba yake. Mimi naenda kumwona dada kila mwezi. Ananipikia, na nikimuuliza jambo ananijibu. Simu hanipigii tena.