Ngitili ya Anisia

Anisia ni mtoto wa kaka yangu, na leo nitamsifu bila kuona haya. Mcheza kwao hutunzwa.

Kuchora alifundishwa na Mzee Telesphori wa Ushirombo, yule aliyechora ukuta wa kushoto wa kanisa letu hapa Mhunze. Ni Yesu akiwalisha makutano, na makutano yenyewe yamejaa mpaka darini, bega kwa bega, pa kutia kidole hapana. "Ukuta mtupu ni ukuta wenye njaa," ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wake wote.

Mwaka jana Anisia akapewa ukuta wa kulia, achore Mchungaji Mwema. Akamchora chini kabisa, pembeni, na ng'ombe wachache. Sehemu yote iliyobaki akaipaka rangi ya majani makavu, kisha akaosha brashi zake.

Watu wakanung'unika. Wengine wakasema amechoka njiani. Mwenyekiti wetu Valerian, ambaye hajawahi kuchora hata yai, akamwita Mzee Telesphori aje ajaze. Siku hiyo Anisia hakula. Kazi yake ya kwanza kanisani, ifunikwe na mkono wa mwalimu wake mwenyewe! Nilikasirika mno.

Mzee akaja na makopo yake ya rangi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hapa mbona umepaacha?"

"Sijapaacha, Mwalimu. Hiyo ni ngitili."

Mzee ni mtu wa jembe, ikabidi amweleze. "Sisi wafugaji, mvua zote tunafunga malisho, mnyama asikanyage, ili kiangazi ng'ombe wasife. Mgeni akipita anaona pori tupu. Mchungaji wangu analinda ng'ombe, na majani yao ya kesho analinda pia."

Mzee akakaa kwenye benchi, akatazama weee, mpaka Valerian akakohoa.

"Haya Mzee, tuanzie wapi?"

"Nipeni ngazi."

Nikajua kazi ya Anisia ndiyo inafunikwa. Lakini ngazi akaiegemeza upande wa kushoto, kwenye ukuta wake mwenyewe. Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akaanza kuwafuta watu waliombana Yesu, mmoja baada ya mwingine, mpaka Bwana akapata pa kunyooshea mikono.

"Anisia," Mzee akaita kutoka juu ya ngazi, "niwaondoe na hawa, au panatosha?"

Nilipiga kigelegele humo humo kanisani.