Nyasi za Getini

Muuguzi anapompangusa mkono binti yangu, aliyerithi jina la marehemu Mama, harufu ya spiriti hunirudisha Kitengela, asubuhi tuliyokuta hospitali yetu imefungwa kwa mnyororo.

Wachimba mawe walifika na nyundo zao, nywele nyeupe kwa vumbi. "Tuvunje hii geti!" walifoka. Ndipo jirani yetu, nyanya wa Kimaasai, alipong'oa nyasi mbichi akazifunga kwenye mnyororo, ishara yao ya kuomba amani. Nyundo zikashuka.

"Na mimi nitazalia wapi?" Mama aliuliza, mkono tumboni.

Uchungu ulipomshika, Baba alimsukuma kwa mkokoteni hadi pale pale, kwa kuwa hatukujua kwingine. Aligonga, akaita, akagonga tena. Nyasi zilikuwa bado zimefungwa kwenye mnyororo, zimekauka.