Pasi ya Shangazi Imewaka

Shangazi yangu ni fundi cherehani, anashonea chumba cha uani kwenye nyumba aliyoiacha babu, tunayoishi sote. Ukienda kupimwa kiuno atakutania kwanza, eti umekuwa gunia, ndiyo ashike futi. Baba mdogo, fundi wa mafriji, ndiye kipenzi chake. Huyo kamlea mwenyewe, kambeba mgongoni.

Sasa baba mdogo akaleta kifaa, akakifunga kwenye swichi kubwa. Kinasikiliza umeme wa nyumba nzima, kinakwambia kwenye simu kitu gani kinakula. Ila lazima kifundishwe. Akachomeka pasi ya shangazi kwenye soketi janja, ile inayoongea na simu, ili kifaa kijue pasi inavyovuta. Dada washa, dada zima. Shangazi anawasha, anazima, anacheka, eti leo kawa mwalimu. Somo lilipokwisha soketi ikatolewa. Kuanzia hapo kifaa kikawa kinakisia chenyewe.

Basi simu ikawa pasi tu. Asubuhi pasi, jioni pasi. Baba mdogo akamwonyesha baba, mkubwa wao, akasema dada anatumaliza kwa umeme, bora akatafute chumba kwingine. Shangazi akajitetea kwamba siku nyingine hapigi pasi kabisa. Nani amsikilize? Simu imeshasema.

Jumapili tukakaa sebuleni baba akate shauri. Shangazi akaja na pasi yake, waya umeviringwa, akaitua mezani mbele yetu. Mke wa baba mdogo alikuwa bafuni, ndiyo kwanza awashe hita aoge maji ya moto. Simu ya baba mdogo ikalia: pasi imewaka.

Baba akaigusa. Ya baridi. Akaenda mwenyewe kuzima hita ya bafuni. Simu ikasema pasi imezimwa, na huko ndani mama mdogo akapiga yowe la maji baridi.

Hakuna aliyecheka. Shangazi alikuwa anamtazama mdogo wake.

"Ulijua?"

"Hita na pasi vinavuta sawasawa, dada. Kinachanganya."

"Sijakuuliza hilo."

Akajikuna shingo. "Nilijua. Mke wangu anakitaka kile chumba, afungue saluni."

"Si ungeniomba."

"Ungekataa."

"Mimi? Nimewahi kukunyima nini?"

Baba akasema chumba ni cha dada, yameisha. Hayakuisha. Juzi baba mdogo kanituma nipeleke ovaroli yake ikatiwe kiraka. Shangazi akaitambua, akaisukumia chini ya rundo la nguo za wateja.

"Mwambie mteja asubiri zamu yake," akasema, akaendelea kushona.