Kopo la Mtani Wangu

Nilikwenda Korogwe kwa ajili ya dawa ya binti yangu Zaina, aliyekuwa na kifafa tangu alipokuwa mdogo. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na kijiji tulichohamishiwa kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Handeni mjini. Hospitalini tulikuwa tukipewa vidonge bure, kisha vikaisha. Mganga akaniandikia cheti nikanunue mwenyewe Korogwe, akasema, "Mama Zaina, visikatike kabisa. Vikikatika, kifafa kitarudi na nguvu zake." Nyumbani tulikuwa tumekwisha kuanza kumpa nusu nusu.

Jumatatu alfajiri niliondoka na fedha za majogoo watatu na debe moja la mahindi, nimezifunga kwenye pindo la kanga. Zaina nilimwacha na mama mkwe wangu, pamoja na nusu ya mwisho ya kidonge kwa ajili ya jioni. Niliahidi kurudi siku ile ile. Nikiri kwamba moyoni nilikuwa najivuna kidogo. Mwaka ule nilikuwa nimehitimu kisomo cha watu wazima, na ndani ya basi, tukiipita Sindeni, nilikitoa cheti nikasoma jina la dawa herufi kwa herufi. Lilikuwa jina la kizungu lisilo na maana kwangu, lakini nilikwisha kulishika kichwani.

Saa nne asubuhi nilifika Korogwe. Katika duka la dawa karibu na stesheni ya reli, mwenye duka alikisoma cheti, akaniletea kichupa kidogo kilichofungwa vizuri. Nikasoma: jina lilikuwa lile lile. Bei yake ingenitaka niuze majogoo wa kijiji kizima.

"Nipunguzie, baba."

"Dawa haipatanwi, mama. Hii inatoka Ulaya." Hakusema kwa ubaya. Alikirudisha kichupa rafuni, akasema, "Jaribu zahanati ya shamba la mkonge, ng'ambo ya reli. Watu wa nje nao huwauzia, kwa bei waliyonunulia."

Saa saba nilikuwa kwenye benchi la zahanati ile, miguu imejaa vumbi. Mganga wake, Mzee Maganga, alikuwa mtu wa mvi na tumbo la kutosha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza nimetoka wapi.

"Handeni, mzee."

"Mzigua?"

"Mzigua."

Akapiga makofi. "Leo nimeokota! Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Mgonjwa kafa? Kama kafa sema, nije nichukue mbuzi wangu wa matanga!"

Asiyetujua angedhani tutapigana. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara; mtani hukutukana mchana kweupe, hukutania hata msibani, nawe hukasiriki. Ukinuna, umeshindwa. Nikamjibu, "Tangu lini mpagazi akajua dawa? Nenda kabebe mizigo." Wagonjwa benchini wakacheka, naye akacheka kuliko wote.

Kisha akachukua cheti, akavaa miwani. Akaingia ndani, akarudi na kopo kubwa la bati, kuukuu, limejaa vidonge vyeupe.

"Hii hapa. Ni dawa ile ile. Hizo fedha zako zinatosha vya miezi mitatu, na chai utakunywa."

Nikalisogelea kopo, nikasoma. Jina halikuwa lile la kwenye cheti, hata herufi ya kwanza ilikuwa nyingine. Nikamtazama, nikaangua kicheko. Dawa ya Ulaya, miezi mitatu, kwa bei ya kuku! Mtani alidhani amekutana na mshamba asiyejua kusoma.

"Umenikosa, babu," nikamwambia. "Kampe Mnyamwezi mwenzako."

Aliniita nilipokuwa nateremka ngazi. Sikugeuka.

Ningekubali pale pale, basi la saa tisa lingenirudisha Handeni. Badala yake nilipanda basi la njia ya Tanga, nikapita Segera, nikashuka Hale, ambako kaka yangu Sefu alifanya kazi kwenye mitambo ya umeme. Nilitaka aniongezee fedha za kile kichupa. Jioni, tukila ugali na samaki wa mtoni, niliwasimulia yeye na mkewe habari za mtani wangu na kopo lake, nikiigiza hadi sauti. Shemeji alicheka mpaka akaweka tonge chini. Sefu hakucheka.

"Alipokuonyesha kopo, alikuwa bado anatania?"

Nikafikiri. Mzee alikuwa amevaa miwani. Cheti alikisoma mara mbili. Kicheko alikuwa amekiacha nje, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Hapana," nikasema.

Jumanne asubuhi na mapema nilikuwa tena mbele ya Mzee Maganga. Safari hii hakuna aliyemtukana mwenzake. Akasema, "Rudi dukani, mama. Mwombe akuonyeshe kichupa, usome maandishi madogo chini ya lile jina kubwa. Kisha njoo."

Nilikwenda. Mwenye duka akanishikia kichupa kwenye mwanga wa mlango. Jina kubwa lilikuwa lile ambalo wenye kiwanda waliibandika dawa ili kuiuza. Chini yake, kwa herufi za ukubwa wa siafu, nikasoma polepole jina la dawa yenyewe: fe-no-ba-bi-to-ni. Ndilo lililokuwa kwenye kopo. Jana nilikuwa nimesoma sawasawa, ila nilikuwa nimeishia kwenye herufi kubwa. Niliona haya, nikaona na hofu, maana Zaina alikuwa ameamka bila dawa.

Nilirudi kwa Mzee Maganga, nikanunua vidonge vya kopo. Basi la saa sita lilinifikisha Handeni saa tisa, na njia ya kijijini niliikimbia nusu yake. Mama mkwe alinipokea uani, akanishika mkono kabla sijauliza. Saa sita mchana Zaina alikuwa akichochea moto, kifafa kikamwangusha jikoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kuanzia vidole hadi kwenye kiwiko.

Vile vidonge vya kopo vilimfaa. Mvua za masika zilikuja zikapita bila yeye kuanguka tena. Nami tangu hapo, nikipewa dawa yoyote, huuliza jina lake jingine, na huuliza bila kuona haya, hata mbele ya watu wanaojua kusoma kunishinda.

Lakini jioni ile nilikuwa bado sijatulia. Nilimpa kidonge kizima, akakimeza kwa maji, akanitazama.

"Mama, ulisema utarudi jana. Ulichelewa wapi?"

Ningeweza kusema basi liliharibika, angeniamini.

"Nilikuwa Hale kwa mjomba wako, mwanangu," nikamwambia. "Nilikuwa nacheka."