Vina vya Lukasi

Siku ya kwanza kazini, wajukuu zangu, nilitukanwa kabla sijakaa. Ilikuwa Lipingo, enzi za Mwingereza, na bosi wangu alikuwa Kwini. Msicheke! Kwini ndiye mkubwa wa kioda, ngoma ya sisi wanawake wa ziwani. Kisauti chake, chura mwenye mafua: "Weee Agata, kichwa boga! Mimi naimba mstari, wewe unawatafutia wenzako maneno ya kuitikia. Mwisho ukigongana na wangu, utakula. Usipogongana, utameza mate."

Kule kugongana ndiko kina. Sijui kusoma hata jina langu. Vina nilivitafuta kwa mdomo: nasaga mahindi, natafuna neno, nalitema, natafuna lingine.

Na sheria ilikuwa moja. Mtu akisafiri, jina lake linaimbwa na kina kinaitikia, maana yuko hai. Akifa, jina linaimbwa, halafu watu kimya. Ngoma inalia peke yake. Hapo mtafuta vina hana kazi.

Kwini alipoolewa Kihagara, alinihamisha naye kama karani wa serikali. Padre wa kule, mzungu mrefu, kila tukianza alitoka mbio: "Mama-mama! Hapana piga ngoma Jumapili! Shetani nacheza!" Tulingoja aingie kula, tukaendelea.

Huko ndiko nilikomkuta mama Lukasi. Mwanawe alikwenda kusini kuchimba dhahabu, kama vijana wengi wa siku zile, na salamu zake zikakatika. Kila ngoma mama alikaa mbele. Kwini anaimba, "Ameondoka Lukasi." Sisi tunaitikia, "Moyo una wasiwasi." Msimu mwingine, "Mkekani pana nafasi." Halafu, "Meli njoo nayo kasi."

Kina cha zamani mama hakukitaka. "Hicho kimechuja, Agata. Nipe kipya, ajue bado tunamngoja."

Miaka ikaenda hivyo. Kwini akanivuta pembeni: "Tunyamaze sasa. Yule ameshaliwa na mashimo."

"Kamwambie wewe basi, mwenye sauti tamu."

Hakwenda. Nikaendelea kutafuna.

Mwishowe akashuka mtu melini, kabeba blanketi la Lukasi. Walikuwa shimo moja. Yeye ndiye aliyemzika. Mama alilipokea, akalinusa, akaingia ndani bila kulia.

Siku ya ngoma ya matanga akaja kajifunga lile blanketi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Imbeni."

Kwini akaimba, "Ameondoka Lukasi." Kina kipya kilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikamtazama mama. Angetaka niitikie, ningeitikia, sheria na izame ziwani. Nikavuta pumzi. Akaninyooshea kiganja, akanifunika mdomo.

"Basi, mwanangu. Umechoka."

Ngoma ikalia peke yake.

Kazi niliimalizia Mbinga, kwenye baridi na kahawa, nikiwatungia Wamatengo nyimbo za harusi. Wakwe wa kule ni wagumu: "Jina letu liitikiwe vizuri, bibi, tumelima, hela tunazo!" Niliwapa, wakafurahi. Sasa magoti yamekataa, nimestaafu. Nyie mnaniletea majina ya wachumba wenu, nawacheka kwanza, kisha nahangaika nayo mpaka jioni, na mengine yananishinda.

Vina vya Lukasi havinihangaishi. Namenya mihogo, vinakuja vyenyewe: nanasi, almasi, karatasi. Vinakuja vingi kuliko zamani, wala hakuna wa kumpelekea.