Siku Tuliyoondoa Mabakuli Kwenye Benchi

Watu wakiniuliza kama kutangaza biashara mtandaoni kunalipa, hasira hunipanda kabla sijajibu. Mimi nilijaribu, mwenzangu.

Napika mbaazi za nazi na mahamri hapa Kariobangi, mlangoni mwa nyumba yangu ya chini. Kwangu hakuna oda za simu. Jioni mteja huleta bakuli lake na kuliweka kwenye benchi, basi. Alfajiri hulikuta limejaa. Nikiugua au nikifiwa, mabakuli nayaingiza ndani. Benchi likiwa tupu, ploti nzima inajua kesho sipiki.

Jioni moja binti yangu akaja na simu yake. "Mathe, wacha nikuposti. Nairobi yote ikuone." Nikajifunga leso mpya. Akalitazama benchi, akakunja uso. "Lakini hizi bakuli zinaharibu picha." Tukayaingiza jikoni, tukatandika kitambaa cheupe, tukaweka maua ya plastiki. Nikakaanga mahamri huku natabasamu hadi mashavu yakauma.

Magharibi simu haikutulia. Bei gani? Mko wapi? Mnaleta hadi Lucky Summer? Mmoja wa mtaa wa Mowlem akaapa atapita asubuhi kuchukua ya ukoo mzima. Tulicheka, tukaenda kulala, na benchi tukalisahau vile vile na maua yake. Mbaazi nilikuwa nimeloweka sufuria kubwa, ile ya harusi. Mtaji wangu wote ulikuwa mle ndani.

Alfajiri nikafungua mlango. Kimya. Waliotoka msikitini wakapita moja kwa moja. Hata yale mabakuli ya jikoni niliyoyajaza, wenyewe hawakuja. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Mbaazi za nazi hazingoji mtu. Jua likipanda zinachacha.

"Yule wa Mowlem?"

"Amesoma meseji, hajajibu."

"Mpigie!"

"Simu imezimwa, mathe. Lakini tumepata laiki kibao, ona."

"Laiki nitazila na mahamri?" Nilimfokea hadi majirani wakasikia. Machozi yakamlenga, na mimi wala sikumbembeleza. Nilikuwa naogopa, wallahi.

Ndipo akatokea shosho wa ghorofa ya tatu, mteja wangu tangu nilipoanza kupika. Alikuwa anatoka barabarani, bakuli lake mkononi, limefunikwa kwa sahani. Mvuke ulikuwa unatoka pembeni.

"Shosho! Umenipita?"

"Si nilikuja jana jioni? Nikapata umetoa bakuli zote, umeweka maua. Nikasema ngai, mama wa watu amefiwa. Nikawaambia na wale wengine wasikusumbue."

Nikamwelekeza kwa kidole kwenye sufuria.

"Kumbe umepika!" Akashika kifua. "Na mjukuu wangu alinionyesha wewe kwa simu asubuhi hii, nikafikiri ni ya zamani. Umetokea vizuri sana. Hata nimekuwekea laiki."

"Basi lete bakuli nikuongezee, shosho. Bure kabisa."

Akaliangalia bakuli lake, kisha akaniangalia mimi, na nikaona aibu usoni mwake.

"Huyu mama anayeuza mbaazi pale kona ameniambia niwe nikiliacha kwake kila jioni," akasema. "Nimeshamkubalia. Na wale wengine pia wamemkubalia."